Usitupe Kisanduku Hicho: Historia Fupi ya Squeezebox

Leo naomba tuweke kando mambo ya kazini tuzungumzie muziki. Juzi mjomba aliniita kwake. Sebuleni ana amplifaya na spika ambazo amezitunza tangu nikiwa shule ya msingi, na juu ya amplifaya pana Squeezebox nyeusi aliyoinunua mkononi mwa mtu. Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyesomea kompyuta. Hiki nitupe ninunue kipya, ama?" Sikumjibu papo hapo. Jibu limo ndani ya historia ya kisanduku chenyewe, na kwa sisi tunaoandika programu, historia hiyo ni tamu.

Tuanze mwaka wa 2001. Watu walikuwa wamejaza MP3 kwenye kompyuta zao, lakini nyimbo hizo zilisikika kupitia spika ndogo za mezani tu, huku redio kubwa ya sebuleni ikikaa kimya. Ndipo kampuni changa ya California, Slim Devices, iliyoanzishwa na Sean Adams, ikatoa kifaa kilichoitwa SLIMP3. Kilikuwa na skrini ndogo, rimoti na tundu la waya wa mtandao. Basi. Hakikuwa na diski ya kuhifadhi nyimbo wala akili nyingi. Kutafuta nyimbo, kupanga orodha, hata kuamua ni herufi gani zionekane kwenye skrini, yote hayo yalifanywa na seva iliyokuwa kwenye kompyuta ya nyumbani.

Seva hiyo iliandikwa kwa lugha ya Perl, na msimbo wake ulitolewa kama programu huria. Shika hapo, tutaparudia.

Mwaka wa 2003 ikaja Squeezebox ya kwanza, iliyoweza kutumia mtandao usio na waya. Unaweza kushangaa jinsi mitambo ya wakati ule ilivyomudu kazi hii, lakini hebu piga hesabu. Muziki wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli biti 16, na chaneli ni mbili. Zidisha, utapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani kama megabiti 1.4. Kwa mtandao wa nyumbani huo si mzigo mkubwa. Mwaka wa 2005 Squeezebox2 ikaweza kusoma faili za FLAC yenyewe, ambazo hupunguza ukubwa wa wimbo bila kupoteza hata biti moja. Mwaka wa 2006 ikafuata Transporter, iliyouzwa dola 1,999 kwa wale wanaotaka sauti safi kabisa. Vifaa hivi vyote vilizungumza na seva ileile. Ukiiboresha seva, kisanduku cha zamani nacho kilijifunza mambo mapya bila wewe kutoa senti.

Oktoba 2006 Logitech ikainunua Slim Devices kwa dola milioni 20. Vifaa vikaendelea kutoka: Duet na Boom mwaka wa 2008, kisha Touch yenye skrini ya kugusa mwaka wa 2010. Halafu mwaka wa 2012 Logitech ikaamua kuachana na familia hiyo ya Squeezebox. Mwaka wa 2024 hata huduma ya mtandaoni ya mysqueezebox.com, iliyowawezesha watu kusikiliza redio za intaneti bila seva ya nyumbani, ikafungwa.

Kwa kawaida hadithi ya kifaa huishia hapo. Ebu tazama Sonos: Januari 2020 walitangaza kwamba vifaa vyao vya zamani zaidi havitapata maboresho mapya kuanzia Mei mwaka huo. Wateja walilalamika sana. Vifaa havikuzimwa, lakini vilibaki kwenye programu ya zamani, na mwenye navyo hakuwa na njia ya kuuendeleza msimbo huo mwenyewe.

Kwa Squeezebox mambo yalikwenda tofauti, kwa sababu ya lile jambo nililosema ulishike. Akili ilikuwa kwenye seva, na msimbo wa seva ulikuwa mikononi mwa watu. Wapenzi wake waliendelea kuutunza, na tangu 2024 seva hiyo inaitwa Lyrion Music Server. Tena, 2012 ndio mwaka Raspberry Pi ya kwanza ilipoingia sokoni. Kwa kuwa lugha ya mawasiliano kati ya seva na kisanduku ilijulikana, ikaandikwa programu ndogo ya Squeezelite, ambayo huifanya kompyuta kama hiyo ijitambulishe kwa seva kama kicheza muziki cha familia ileile.

Basi, mjomba nilimjibu hivi: usitupe. Tulichukua laptopu yake iliyokuwa imelala kabatini, tukaweka Lyrion, tukanakili nyimbo alizozitoa kwenye CD zake. Jioni ile rumba ikalia sebuleni. Nilimweleza pia kwamba akitaka sauti bora zaidi, hahitaji kung'oa kila kitu. Squeezebox yake ina tundu la kutoa sauti ya kidijitali, kwa hivyo anaweza kuongeza DAC, kifaa kinachogeuza nambari kuwa mawimbi ya umeme ambayo amplifaya huyaelewa. Na siku kisanduku kikifa, ataweka Raspberry Pi mahali pake. Nyimbo na orodha zake zitabaki zilivyo kwenye seva.

Nawe ukienda dukani, usiulize tu kifaa kinacheza faili gani. Uliza akili yake iko wapi, na siku kampuni ikichoka, nani ataweza kuiendeleza. Spika nzuri huishi miaka mingi. Programu iliyofungwa huishi mpaka siku mwenye kampuni atakapobadili nia.

Kwaheri kwa sasa, wacha nikamsaidie mjomba kupanga majina ya albamu zake.