Daftari la Nyaya

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu ni wa mwaka 1991, na una gari moja tu: Peugeot 504. Ndilo lililobeba watu kutoka Kitale kwenda Webuye na Bungoma kupitia Kiminini na Kamukuywa, na ndilo lililonilisha nikiwa mwanagenzi. Chini ya jina lake nimeandika nyaya mbili: wa moto na wa spika. Upande wa pili wa spika ulikuwa bodi ya gari. Ulikwangua rangi hadi chuma kikaonekana, ukabana kwa skrubu, sauti ikatoka. Mzee wa Kimilili aliyenifundisha alisema bodi ndiyo waya mnene kuliko zote.

Nilimwamini kupita kiasi. Zilipokuja redio za kaseti zenye nguvu zaidi, kila spika ikidai nyaya mbili zake, nilibana mmoja kwenye bodi kama nilivyozoea. Redio ya mteja ikafuka moshi. Niliilipa kwa ujira wa wiki tano. Mzee hakunigombeza; alichukua kalamu akaandika mwenyewe daftarini, “Huu usiguse bodi.” Mwandiko wake ungali hapo.

Redio haikuwa pambo siku hizo. Abiria walisikiliza kwanza ndipo wakapanda, na gari lenye kaseti za Jacob Luseno au Sukuma bin Ongaro lilijaa kabla ya lililo bubu.

Kisha magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika, na daftari likanenepa. Redio za Japani zilishika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Capital FM ilipoanza mwaka 1996 kwenye 98.4 kule Nairobi, redio ya Kijapani haikuweza kuifikia. Tulifunga ekspanda kwenye waya wa eriali. Ile ya megahezi 20 ilishusha 98.4 ikasikika kwenye 78.4. Niliuza nyingi. Februari 2004, sheria za Waziri John Michuki zilipoanza, wenye matatu walipeleka pesa zao kwenye mikanda na vidhibiti mwendo, nami nikaishi kwa kutengeneza redio za nyumbani.

Kazi inayonishika sana leo ni ya magari yaliyotoka kiwandani na amplifaya yake, Bose au JBL, imefichwa chini ya kiti au ndani ya buti. Mwenyewe anabadilisha betri, skrini inajifunga na kudai namba ya siri kwa Kijapani, anachoka, ananunua redio mpya. Unaifunga, inawaka vizuri, na gari zima kimya. Redio haijaharibika. Amplifaya imelala, inangoja volti 12 za kuiamsha, na redio mpya huzitoa kwenye waya wa bluu wenye mstari mweupe. Ukiuacha huo ukining'inia, utabadilisha spika zote bure.

Wapo mafundi wanaoiruka amplifaya na kuunga redio moja kwa moja kwenye spika. Siwaungi mkono. Baadhi ya spika hizo ni za omu 2 au chini, redio imeundwa kwa omu 4. Itapata joto hadi iungue, na mteja atarudi. Na ukiingiza sauti ya spika kwenye amplifaya inayotarajia sauti ndogo, itakwaruza hata ukiipunguza. Weka kifaa cha kushusha nguvu katikati.

Kijana niliyemfundisha sasa ana kibanda chake Bungoma, upande wa Kanduyi. Juzi alinipigia akiwa ndani ya Toyota Crown.

“Mzee, redio inawaka lakini gari halisemi.”

“Umeunga wa bluu?”

“Upande wa gari hakuna bluu, Mzee.”

Hapo ndipo wengi hukwama. Rangi za redio zinafanana, lakini kila kiwanda cha gari kina rangi zake. Nilimwambia arudishe redio ya zamani kwenye soketi yake, aiwashe, apime kwa mita waya mmoja mmoja, atafute unaopanda hadi 12 redio ikiwaka na kushuka ikizimwa. Nilimsikia akihesabu. Alipofika wa saba alinyamaza kidogo.

“Huu hapa.”

“Rangi gani?”

Nilikuwa nimeshafungua ukurasa mpya.