Hatua Elfu Kumi: Historia ya Kifaa cha Kuhesabu Mwendo

Kuhesabu hatua kulikuwa kazi ya ujira karne nyingi kabla ya kuwa jambo la afya. Jeshi la Aleksanda Mkuu, lilipokuwa likisonga Asia katika karne ya 4 kabla ya Kristo, lilifuatana na watu waliofunzwa kutembea kwa hatua zilizo sawa na kuandika idadi yake, ili mfalme ajue umbali wa mji mmoja hadi mwingine. Warumi nao walipima barabara kwa miguu ya askari: kila mguu uleule ulipokanyaga tena ilihesabiwa moja, na elfu ya hizo ilifanya maili yao, takriban mita 1,480. Enzi hizo zote mwili wa mtembeaji haukumshughulisha mhesabu. Kilichotafutwa kilikuwa ukubwa wa nchi.

Mashine ya kuifanya kazi hiyo ilichelewa. Leonardo da Vinci alichora michoro yake, lakini waliofanikiwa kweli ni mafundi saa wa karne ya 18, kwa kuwa tayari walikuwa na springi na magurudumu madogo ya meno. Abraham-Louis Perrelet wa Uswisi, aliyetengeneza saa inayojijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mvaaji, hutajwa kuwa alibuni kihesabu hatua mwaka 1780 kwa wazo lilelile. Ndani ya kifaa cha namna hiyo, chuma kizito hupanda na kushuka mtu anapokanyaga, na kila kikishuka husukuma gurudumu jino moja mbele.

Thomas Jefferson, alipokuwa mwakilishi wa Marekani mjini Paris, alimtumia rafiki yake James Madison kihesabu hatua mwaka 1788, pamoja na maelekezo ya kukivaa. Madison alitakiwa atoboe tundu chini ya mfuko wa saa wa suruali yake, apitishe utepe kwa ndani hadi gotini, na aufunge hapo kwa kulabu ili kila mguu unapopigwa utepe ukivute kifaa. Kilikuwa chombo cha mabwana wenye nafasi ya kutembea kwa starehe. Watumwa waliolima mashamba ya mabwana hao wawili huko Virginia walitembea kuliko wao kila siku, na hakuna aliyehesabu.

Matumizi ya kustaajabisha kuliko yote hayakuhitaji mashine. Katika miaka ya 1860 Waingereza waliotawala India walitaka ramani ya Tibeti, nchi iliyowafungia mipaka. Kapteni Thomas George Montgomerie wa idara ya upimaji ardhi aliamua kuwatuma wenyeji wa milimani badala ya Wazungu. Mmoja wao alikuwa Nain Singh, mwalimu wa shule kutoka Milam katika milima ya Kumaon. Katika mji wa Dehra Dun alifundishwa kutembea kwa hatua isiyobadilika, apande mlima au ateremke, hatua 2,000 kwa maili. Kisha akapewa tasbihi. Tasbihi ya Mbudha wa Tibeti ina shanga 108. Yake ilipunguzwa ikawa na shanga 100. Kila alipotimiza hatua 100 alisogeza shanga moja, na aliyemwona alidhani anasali. Mzunguko mmoja wa tasbihi ulikuwa hatua 10,000, yaani maili 5. Hesabu za siku zilifichwa ndani ya gurudumu la sala, mahali pa karatasi za dua. Zebaki ya kupimia nyota ilibebwa ndani ya magamba ya kauri, na kipimajoto kilifichwa katika fimbo, maana joto la maji yanayochemka huonyesha urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari.

Nain Singh alifika Lhasa Januari 1866 na kurejea India mwaka huohuo, akiwa amepima njia ya maili zipatazo 1,200 kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka 1877 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku medali ya dhahabu, naye aliistahili kuliko wengi waliopewa. Hata hivyo ramani haikuwa yake. Tangu hapo swali moja limeifuata kila hesabu ya hatua: atakayeitumia hesabu ni mtembeaji, au ni yule aliyemtuma?

Karne ya 20 ilipoanza, kipimo kilihamia kiwandani. Huko Marekani Frederick Taylor aliwasimamia wafanyakazi kwa saa ya kusimamisha, na Frank Gilbreth alichunguza mikono ya waashi mpaka akapunguza miondoko ya kuweka tofali moja kutoka 18 hadi 5. Mwendo wa mfanyakazi ulionekana kuwa hasara ya kukatwa. Kwamba mwendo huohuo ungeweza kuwa unamlinda na kifo lilikuwa jambo ambalo halikuwa limethibitishwa.

Aliyelithibitisha ni daktari Jeremy Morris, akitumia mabasi mekundu ya ghorofa ya London. Kila basi lilikuwa na watu wawili, dereva na kondakta. Walitoka katika tabaka moja, waliajiriwa na shirika moja, na walifanya kazi zamu moja. Dereva alikaa kitini karibu zamu nzima. Kondakta alizunguka na mashine ya tiketi, akipanda na kushuka ngazi ya basi, vidato 500 hadi 750 kwa siku ya kawaida. Morris na wenzake walikusanya habari za wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1953. Makondakta walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na walioupata waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi na ukawaua kwa uchache. Upande wa posta sura ilikuwa ileile: wapeleka barua waliotembea au kuendesha baiskeli walikuwa salama kuliko makarani na wapokea simu.

Waliopinga walisema pengine wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo. Morris hakuidharau hoja hiyo. Alitafuta kumbukumbu za sare ambazo shirika la usafiri liliwashonea watu wake, na mwaka 1956 akachapisha vipimo vya viuno vya suruali. Kweli madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta wa rika lao, na hata vijana walioingia kazini karibuni walitofautiana. Lakini hata walipolinganishwa watu wa kiuno kimoja, dereva bado alikuwa hatarini zaidi. Ni mfano bora wa uchunguzi wa kisayansi uliofanywa kwa daftari la fundi cherehani. Morris mwenyewe alianza kufanya mazoezi kwa bidii na aliishi hadi mwaka 2009, akafariki akiwa na miaka 99. Ng'ambo ya Atlantiki, Ralph Paffenbarger aliwafuatilia makuli wa bandari ya San Francisco na kuona kwamba waliobeba mizigo mizito walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko waliofanya kazi nyepesi. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1975, wakati makontena na winchi zilikuwa tayari zimeanza kuiondoa kazi hiyo mikononi mwa watu.

Kazi ilipoondoa mwendo, biashara ililiona pengo. Mwaka 1965, miezi michache baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa Tokei ya Japani ilitoa kihesabu hatua cha kuvaa kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Idadi hiyo haikutokana na jaribio lolote la hospitali. Ilipendeza kwa kuwa ni kubwa, kamili, na rahisi kushika. Vilabu vya watembeaji vya Japani viliipokea, na kutoka huko ikaenea duniani kama agizo la daktari, ingawa ilizaliwa kuwa jina la bidhaa.

Chuma kile cha kupanda na kushuka kiliendelea kutumika mpaka magari yalipohitaji mifuko ya hewa. Mfuko lazima ufumuke mara tu gari linapogonga, na kwa ajili hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 viliingia sokoni vihisi vya mwendo vilivyochongwa katika silikoni: kipande kidogo mno, kinachoning'inia kwa springi za silikoni hiyohiyo. Kikisogea, chaji ya umeme kati yake na jirani zake hubadilika, na badiliko hilo hupimwa. Bei iliposhuka, kihisi kiliingia katika vidude vya michezo ya video na kisha katika simu. James Park na Eric Friedman waliovutiwa na Wii, mashine ya michezo ya video ya Nintendo, walianzisha Fitbit mwaka 2007, na mwaka 2009 wakauza kifaa chao cha kwanza, kibanio kidogo cha kubana kwenye nguo chenye picha ya ua lililokua kadiri mvaaji alivyotembea. Lengo lililowekwa ndani yake lilikuwa hatua 10,000. Saa ya Apple ilifuata mwaka 2015. Google ilikamilisha kuinunua Fitbit Januari 2021, kwa bei iliyotangazwa ya dola bilioni 2.1.

Bei hiyo haiwezi kueleweka bila kutazama thamani ya takwimu zenyewe. Kampuni ya bima ya Discovery ya Afrika Kusini ilikuwa na mpango wa kuwatunuku wateja wanaotunza afya tangu miaka ya 1990, na mwaka 2015 John Hancock ya Marekani ikaupeleka mpango huo kwa wateja wa bima ya maisha: tembea, tuma hesabu, upunguziwe ada. Waajiri nao wakafuata. Katika jimbo la West Virginia, walimu walielezwa kwamba wangepaswa kukusanya pointi za mazoezi kwa programu ya simu, la sivyo walipe dola 25 zaidi kila mwezi. Walikataa. Suala hilo lilikuwa mojawapo ya yaliyochochea mgomo wa walimu wa jimbo zima wa Februari na Machi 2018, mgomo uliowapatia nyongeza ya mshahara ya asilimia 5. Walikuwa na haki. Kifaa kinachomsaidia mtu kujitunza hugeuka nyapara pindi mwajiri anaposoma namba zake.

Ramani nayo ilirudi. Novemba 2017 Strava, kampuni yenye programu ya kurekodi mazoezi, ilichapisha ramani ya dunia iliyoonyesha mikusanyiko ya njia za watumiaji wake. Miezi miwili baadaye watu walitambua kwamba katika maeneo kama Afghanistan na Syria mistari iliyong'aa jangwani ilikuwa askari waliokuwa wakikimbia kuzunguka kambi zao. Nain Singh alijua anachora ramani ya nani; askari hawa hawakujua. Agosti 2018 wizara ya ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku vifaa vya kuonyesha mahali katika maeneo ya operesheni.

Saa za sasa hupima mengi kuliko hatua. Taa ya kijani chini ya saa humulika ngozi, damu hunyonya mwanga huo, na kupungua na kuongezeka kwake hutoa mapigo ya moyo. Uchunguzi uliowahusisha watu 419,297 wenye saa za Apple ulichapishwa mwaka 2019, na asilimia 0.52 tu walipata onyo la mapigo yasiyo na mpangilio. Hata hivyo mwanga hupita katika ngozi, na ngozi hazifanani. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni, vinavyotumika hospitalini, vilikosa kugundua upungufu mkubwa wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko kwa weupe. Onyo hilo linahusu kila kifaa kinachosoma damu kwa mwanga, na wanunuzi wa Afrika wanastahili kuelezwa kabla ya kulipa.

Wakati huohuo wanasayansi waliupeleka ukanda wa kifuani wa kupimia mapigo ya moyo na kipokezi cha setilaiti kwa watu ambao hawajaacha kutembea. Wahadzabe, wawindaji na wachumaji wa kando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, walivishwa vifaa hivyo. Wanaume walitembea takriban kilomita 11 kwa siku na wanawake takriban 6. Lakini utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku haikuizidi ya Wamarekani, jambo lililotikisa imani kwamba kutembea peke yake hupunguza unene. Utafiti wa mwaka 2020 ukaongeza kwamba wao pia hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo ni ya kuchuchumaa na kupiga magoti, mikao inayofanyisha kazi misuli ya miguu kuliko kiti.

Idadi ya Yamasa hatimaye ilipimwa. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha habari za wanawake 16,741 wa Marekani, wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700, na faida iliacha kuongezeka zikifika kama 7,500. Mapitio makubwa ya mwaka 2025 katika Lancet Public Health yaliweka lengo la busara kwenye hatua 7,000 hivi, na kuonyesha kwamba hata 4,000 ni bora kuliko 2,000. Tafiti hizi zimejengwa zaidi juu ya watu wa nchi tajiri wanaotembea kwa hiari. Mfanyakazi anayetoka mtaa wa Kibera jijini Nairobi alfajiri kwa miguu hadi viwandani, na kurudi jioni vivyo hivyo, huzipita hatua 10,000 bila kuvaa chochote, katika moshi wa magari na pembezoni mwa barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu. Uchunguzi wa kina kuhusu mwendo wa namna hiyo na moyo wa mtembeaji wake bado ni mchache.