Kutoka Kilema Hadi Mtu

Hebu tuanze na ngeli. Mvuvi, mwalimu, mkulima: hao wamo M-WA. Kiti, kisu, kikapu: KI-VI. Halafu kipofu, kiziwi, kiwete, kilema... mbona wamepelekwa kule kwa vikapu? Najua, tunasema "kipofu amekuja", si "kimekuja", na kijana na kiongozi nao wamo humo humo, kwa hiyo walimu wa sarufi msinirukie. Lakini sikio la mtoto linasikia nini?

Hapa Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, yupo mshona nyavu ambaye wengi wanamwita Kiwete, basi. Jina alilopewa na wazazi wake wanalijua wachache. Na kwa kushona, wallahi, wenye miguu yote miwili hawamfikii.

Sasa historia. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka 1982 Bunge letu likatunga sheria mbili. Moja ilihusu ajira: mwenye wafanyakazi 50 au zaidi aajiri walemavu wasiopungua asilimia 2. Ya pili ilihusu matunzo. Matunzo! Anayetunzwa hushukuru, hadai.

Wenyewe hawakukaa kungoja kutunzwa. Wasioona walikuwa na chama chao tangu miaka ya 1960. Viziwi wakaunda CHAVITA miaka ya 1980, Zanzibar ikazaliwa UWZ mwaka 1985, na mwaka 1992 vyama vya bara vikaunda shirikisho, SHIVYAWATA. Hapo kwenye CHAVITA mimi husimama kidogo. Ni Chama cha Viziwi Tanzania, kwa neno lile lile la KI-VI! Hawakulikimbia, wamelitia kwenye mhuri. Sisi waandishi chipukizi, tunapoandika kwa aibu "wenye matatizo ya kusikia", tunamsitiri nani hasa?

Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa New York tarehe 13 Desemba 2006. Tanzania ilitia sahihi Machi 2007, ikauridhia Novemba 2009, na mwaka 2010 ikapatikana Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Tazama jina: mtu ametangulia, ulemavu unamfuata nyuma. Neno la matunzo limeshuka kwenye kichwa cha habari, na haki imeingia. Kwenye ajira, asilimia 2 ikawa 3, na mwajiri anayeguswa ni mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea.

Ofisini Dar es Salaam hesabu hiyo inaweza kupigwa. Pwani ni habari nyingine. Tajiri wa chombo huku ana baharia sita, pengine wanane, hana barua ya ajira wala daftari la mishahara. Jioni samaki wakiuzwa, wanagawana. Asilimia 3 ya watu sita, jamani, ni kipande gani cha mtu?