Mgunga na Kura za Vienna

Kuainisha viumbe ni kazi mbili zilizovikwa jina moja. Ya kwanza ni kutafuta nani ni ndugu ya nani. Ya pili ni kulipa kila kundi jina lake. Ile ya kwanza huongozwa na ushahidi, na hii ya pili huongozwa na mapatano ya watu. Azichanganyaye hataelewa yaliyoupata mgunga, mti ambao msafiri wa Ugogo, toka Mpwapwa na Kongwa hata Manyoni, hawezi kukosa kuuona.

Mfugaji wa Dodoma aijua migunga kwa manufaa yake. Maganda yake huliwa na mbuzi nyasi zinapokauka. Matawi ya miiba huzungushiwa zizi. Na chini ya kivuli chake watu hukaa wakashauriana. Huo nao ni uainishaji, na katika kazi zake wamtosha. Mtaalamu wa mimea aliuliza swali jingine: miti hii imezaliwa ukoo gani?

Mwaka 1753 Linnaeus wa Sweden aliuandika mgunga wa Mto Nile katika jenasi ya Mimosa. Mwaka uliofuata Philip Miller wa Uingereza alitumia jina la jenasi Acacia, neno lenye asili ya Kiyunani lihusulo miiba, na baadaye mgunga huohuo ulifanywa kielelezo cha jenasi nzima. Jina likaenea duniani. Mwaka 1959 J. P. M. Brenan alipoieleza migunga yetu katika *Flora of Tropical East Africa*, kitabu kikubwa kilichotolewa kwa sehemu tangu 1952 hata 2012, aliiita yote Acacia. Na iliyopatikana Dodoma na jirani zake ilitiwa alama ya T5, ndiyo alama ya nyanda za kati katika kitabu hicho.

Lakini umbo hudanganya, na mwenye Kiswahili alijua hilo zamani. Kifaru na kiboko huanza na ki- kama kiti na kisu, ila hatusemi “kifaru kimelala.” Ngeli yake twaijua kwa upatanisho, si kwa kichwa cha neno. Vivyo hivyo wataalamu walipochunguza chembe za urithi, waliona kwamba spishi zaidi ya 1,300 zilizoitwa Acacia hazikuwa watoto wa mama mmoja. Migunga yenye miiba mirefu iliyonyooka, ambayo maua yake kwa kawaida ni ya duara, ilikuwa ukoo mmoja. Ile ya miiba mifupi iliyopinda kama ndoana, ambayo baadhi yake huitwa kikwata, ilikuwa ya ukoo mwingine. Miti ya Australia, iliyo mingi kuliko yote na aghalabu haina miiba, ilikuwa ya ukoo wa tatu. Basi aliyetenga mgunga na kikwata kwa kutazama miiba hakuwa mbali na kweli.

Hapo ndipo kazi ya pili ilipoanza. Koo zikiisha kutengana, nani arithi jina la zamani? Kwa kanuni, jina hufuata kielelezo, nacho kilikuwa chetu. Lakini mwaka 2003 Orchard na Maslin wa Australia walipendekeza kielelezo kibadilishwe, kwa hoja kwamba spishi za kwao zakaribia 1,000, na kuzibadili zote majina kungeleta usumbufu mkubwa. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Katika mkutano wa Vienna wa mwaka 2005, waliolikataa pendekezo walikuwa asilimia 54.9 ya kura. Lakini kwa kuwa kamati zilikwisha liunga mkono, ilitakiwa asilimia 60 ili kuliangusha. Walio wengi wakashindwa. Mwaka 2011, mjini Melbourne, uamuzi ule ulithibitishwa.

Tangu hapo mgunga wa Nile ni *Vachellia nilotica*, kwa kumkumbuka George Harvey Vachell, padri Mwingereza aliyekusanya mimea nchini China. Na mti utoao gundi ni *Senegalia senegal*. Utengano wa koo hizo ulithibitishwa na ushahidi, nao ungalisimama hata kura zingaligeuka. Jina peke yake ndilo lililoamuliwa kwa kura.

Hasara yake si ya heshima tu. Afisa misitu wa Dodoma atafutaye habari za mgunga katika vitabu vipya hataziona zile za mwaka 1959 asipojua majina yote mawili. Wala neno “mgunga” haliwezi kushika nafasi ya jina la kitaalamu, maana laenea spishi nyingi. Lifaalo ni kuyaandika pamoja: jina la Kilatini, la Kiswahili, na ya Kigogo, Kirangi, Kinyaturu na Kisandawe, kila moja na tawi lake lililokaushwa na kuhifadhiwa. Tawi hilo ndilo shahidi litakalobaki, mkutano ujao ukiamua lolote.