Debe la Petroli na Maji ya Ruaha

Somo letu la leo ni la historia, nalo linahusu motokaa. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: debe, betri, maji. Tutayahitaji yote kabla ya somo kwisha.

Siku hizi watu wenye fedha nyingi hubishana juu ya jambo moja. Mtu anataka kununua motokaa kubwa ya kifahari, ile tunayoiita shangingi. Je, anunue lenye injini ya petroli, lenye nguvu nyingi na mngurumo, au anunue la umeme, lisilo na kelele wala moshi? Labda wewe unayenisikiliza hapo Chimala hutanunua hata moja. Mimi nami sitanunua. Lakini mashangingi hayo yatapita mbele ya mlango wako, kwa kuwa barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia imepita hapo. Tena utaona mbele ya somo kwamba ubishi huu wa matajiri unafika mpaka kwenye jaruba lako la mpunga.

Watu wengi hudhani kwamba motokaa ya umeme ni kitu kipya. Sivyo. Mwaka 1899 Mbelgiji mmoja, jina lake Camille Jenatzy, aliendesha motokaa ya umeme karibu na mji wa Paris, akapita mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Hapakuwa na motokaa nyingine duniani, ya petroli wala ya mvuke, iliyokuwa imefika mwendo huo. Mwaka uliofuata, yaani 1900, viwanda vya Marekani vilitengeneza motokaa 4,192. Kati ya hizo 1,681 zilikwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na 936 tu kwa petroli. Jumlisheni wenyewe, mwone kama hesabu inatimia.

Basi petroli ilikuwa ya mwisho, na si ajabu. Injini yake ilinuka na kupiga kelele. Tena ili kuiwasha dereva alisimama mbele ya motokaa akapiga hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ghafula iliweza kumvunja mkono. Motokaa ya umeme iliondoka kimya kimya. Hata Henry Ford, aliyeanza mwaka 1908 kutengeneza ile motokaa ya petroli iliyompa utajiri, mkewe Clara alikuwa akitembelea motokaa ya umeme. Jambo hilo hunichekesha kila nilisomapo.

Imekuwaje basi petroli ikashinda? Mwaka 1912 motokaa za Cadillac zilitiwa mtambo wa kuwasha injini bila hendeli, kazi ya fundi Charles Kettering. Mwaka huo huo motokaa ya petroli iliweza kununuliwa Marekani kwa dola 650, na ya umeme ilifika dola 1,750. Hizo ni sababu mbili. Lakini kwa watu wa nchi kama yetu sababu kubwa ilikuwa nyingine. Betri za siku zile zilikuwa za risasi, nzito sana, nazo ziliishiwa nguvu baada ya safari fupi. Kuzijaza tena kulitaka umeme, na umeme ulikuwa mijini tu. Petroli haikuhitaji waya. Petroli ilitiwa katika debe.

Litazameni debe. Ninyi mnalijua kwa kupimia mahindi na mpunga, na mfanyabiashara akija na debe lililopigwa likatuna, mnajua mnaibiwa. Asili yake si nafaka. Makampuni ya mafuta yalileta petroli na mafuta ya taa katika makopo ya bati ya galoni 4, yaani kama lita 18, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, bati halikutupwa. Watu walitekea maji, wakapimia nafaka, wakalikunjua na kulipigilia kuwa mlango au paa. Petroli ilisafiri ndani ya debe kwa meli, kwa gari moshi, kwa punda, na juu ya kichwa cha mpagazi. Ilifika mahali ambapo barabara yenyewe ilikuwa haijafika.

Mwaka 1907 ofisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa ya petroli, akafika Swakopmund, katika nchi ambayo sasa ni Namibia, mwaka 1909. Ndiye mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa motokaa. Petroli yake ilitangulizwa, ikawekwa akiba njiani. Fikirini kidogo: umeme angeutangulizaje?

Sasa turudi barabarani kwetu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wenyewe bila ridhaa ya Uingereza, na bila ridhaa ya Waafrika waliokuwa wengi katika nchi ile. Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake kwa reli kupitia huko huko Rhodesia. Mwezi Desemba njia hiyo ilikatika. Nchi yenye migodi mikubwa ya shaba ikabaki karibu haina petroli. Ndege za Uingereza zilianza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, lakini ndege haziwezi kulisha nchi nzima. Kazi ikaangukia malori, na njia yao ilikuwa hii hii: Morogoro, Iringa, Makambako, Chimala, Mbeya, Tunduma.

Wakati ule barabara ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa. Kiangazi ilikuwa vumbi ambalo dereva hakuona lori lililo mbele yake, na masika ilikuwa tope. Malori yaliteleza, yakapinduka, yakawaka moto pamoja na mzigo, na madereva wakafa. Kwa Kiingereza waliiita Njia ya Jehanamu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka mwaka 1968, lilipomalizika bomba la mafuta la TAZAMA, la urefu wa kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Lami ikafuata. Reli ya TAZARA, ambayo nayo imepita Chimala, ilikabidhiwa mwaka 1976.

Katika historia hiyo petroli inaonekana kwa pande zake mbili. Hubebeka kirahisi kuliko kitu kingine chochote, lakini haitoki kwetu, na anayeifunga njia yake anaweza kukusimamisha. Hata Tanzania iliyaona hayo. Bei ya mafuta ya dunia ilipopanda ghafula mwaka 1973 na baadaye tena, serikali ilifika mahali pa kukataza motokaa za watu binafsi kutembea Jumapili alasiri.

Na umeme je? Betri zilibadilika. Betri za lithiamu-ioni zilianza kuuzwa mwaka 1991, kwanza kwa vyombo vidogo, kisha zikaingia katika simu na baadaye katika motokaa. Shangingi la umeme la leo huweza kwenda kilomita 400 na zaidi kabla ya kujazwa. Na nguvu zake si za mzaha. Mnaijua njia ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba, ile ya kona 57. Injini ya petroli huvuta hewa ili iwake, na kadiri unavyopanda hewa hupungua, hivyo injini ya kawaida hupungukiwa nguvu. Mota ya umeme haivuti hewa. Hutoa nguvu zake zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na wakati wa kushuka, badala ya kuchoma breki tu, hurudisha umeme kidogo ndani ya betri. Kwa mlima ule, mimi ningechagua la umeme.

Ila kwanza lifike hapo mlimani. Kutoka Dar es Salaam hadi Chimala ni zaidi ya kilomita 700. Petroli utaikuta kila mji wa njiani, na hata vijijini vijana huiuza kwa chupa, chupa hiyo ikiwa mjukuu wa debe. Mahali pa kujaza betri inakubidi kuulizia kabla hujaondoka. Kwa sababu hiyo tajiri wa safari ndefu bado hununua la petroli, nami simlaumu. Anayezunguka mjini tu na kulala kwake kila siku, huyo sioni petroli inamfaa nini, ila kwa kupenda mngurumo.

Lakini neno la tatu ubaoni bado. Umeme huo unatoka wapi? Sehemu yake hutokana na gesi ya Songo Songo na ya Mtwara. Sehemu kubwa hutokana na maji. Mto Chimala, pamoja na mito mingine inayoshuka kutoka milimani, hupeleka maji Usangu, nayo yanaingia Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu huendesha mitambo ya Mtera na Kidatu, kisha huungana na Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025. Kwa hiyo tajiri wa Dar es Salaam anapochomeka motokaa yake ukutani usiku, huenda anakunywa maji yaliyopita karibu na shamba lako.

Hili si jambo la mzaha kwa watu wa Mbarali. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Umeme ulipopungua nchini, lawama ziliwaangukia wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa na ng'ombe wao, na mwaka 2008 bonde lilitiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wataalamu waliochunguza walieleza kwamba namna maji yalivyotumiwa katika mabwawa yenyewe nayo ilichangia upungufu ule wa umeme. Maelezo hayo hayakusikika sana kama lawama zilivyosikika.

Na malori yangali yakipita. Zamani yalipandisha mapipa ya petroli kwenda Zambia. Leo yanateremsha shaba ya Zambia na ya Kongo kwenda bandarini, na kobalti pia, madini yanayotiwa katika betri nyingi. Motokaa ya umeme hutumia shaba zaidi ya mara tatu kuliko ya petroli.

Kazi ya darasa. Kwanza, kila mmoja aandike sentensi tano juu ya matumizi ya debe nyumbani kwao. Pili, mtafuteni mzee mmoja aliyekuwa kando ya barabara hii kati ya mwaka 1965 na 1968, mumwombe awaeleze habari za malori ya mapipa, mkayaandike maneno yake kama anavyoyasema. Tatu, zungumzeni ninyi kwa ninyi: kiangazi maji yakiwa machache, ya mpunga na ya mitambo ya umeme yagawanywe vipi, na nani awepo wakati wa kugawa?