Baiskeli katika Nchi ya Wazigua

Mwenye kuandika habari za Korogwe aghalabu huanza na reli, na mwenye kuandika habari za Handeni huanza na njaa. Wala hapana wa kulaumiwa, kwa kuwa reli ndiyo iliyoukuza mji wa Korogwe, na ukame ndio uliowafunza Wazigua subira. Lakini baina ya kituo cha reli na vijiji vya Handeni yalibaki masafa ambayo garimoshi halikuyafikia, na masafa hayo, kwa muda wa miongo mingi, yalimalizwa na baiskeli. Nia yangu ni kuonyesha kwamba chombo hicho, ambacho leo hudhaniwa kuwa mali ya fukara au mchezo wa vijana, kina haki ya kutajwa pamoja na reli katika tarikhi ya wilaya mbili hizi.

Kabla ya baiskeli mzigo ulisafiri kwa kichwa na bega la mwanadamu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Pangani ikafuata bonde la mto wa jina hilo hadi Mazinde, ambako Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliweka maskani yake chini ya milima ya Usambara ili aimiliki biashara ya njiani. Na wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke, walipokwenda Vuga kumzuru Kimweri mwaka 1857, walipita bonde hilohilo. Aulizaye kwa nini punda hakushika nafasi ya mpagazi, jibu lake ni mbung'o. Sotoka ilipofyeka ng'ombe katika miaka ya 1890, na nzige na njaa zikaandamana nayo, watu walihama, mashamba yakageuka vichaka, na vichaka vikawa makao ya mdudu huyo auaye mifugo kwa nagana. Sehemu kubwa ya Uzigua ikawa haifugiki ng'ombe wala punda, na mkulima mwenye magunia ya mahindi hakuwa na mnyama wa kumtwisha.

Reli ya Wajerumani, iliyoanzwa Tanga mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea hadi Moshi mwaka 1911. Ilifuata ukingo wa Usambara na mashamba ya mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta nchini mwaka uleule wa 1893, wala haikugeuka kusini kuelekea Handeni, iliyo umbali wa takriban kilomita 65 kutoka Korogwe. Mara moja tu Handeni ilionja reli: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitandika njia nyembamba ya vigari vya kusukumwa kwa mikono kutoka Mombo, nayo ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoitwaa nchi hiyo Juni 1916. Ilikuwa reli ya vita, si ya wakulima.

Huko Uingereza, John Kemp Starley alikuwa amekwisha kutoa baiskeli ya magurudumu sawa mwaka 1885, na John Dunlop akaongeza mpira wa upepo mwaka 1888. Hapa kwetu waliotangulia kuipanda walikuwa wamishonari na maofisa, kisha makarani na walimu. Lakini katika zama za Waingereza, Raleigh, Hercules na BSA zilipojaa katika maduka ya Wahindi, ikawa tamaa ya kila kibarua. Bei ya mkonge ilipopanda kwa sababu ya vita vya Korea, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mashamba yalihitaji watu mno, na manamba aliyekuja kutoka mbali, akajaza kipande chake kwa siku thelathini za kazi, kisha kingine na kingine, aliweza kurudi kwao akisukuma baiskeli mpya yenye kengele na dinamo, ikiwa ni ushahidi mbele ya wazee wake kwamba hakwenda kupoteza ujana.

Kwa mkulima wa Handeni, hata hivyo, fahari haikuwa jambo kubwa. Yeye alipata punda asiyeumwa na mbung'o. Alitia keria ya chuma nzito, akafunga gunia kwa vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, akaondoka alfajiri kabla jua halijawa kali, akipanda penye tambarare na kusukuma penye mchanga na vilima, hata akauvuka mto Pangani na kuingia Korogwe. Na jioni ama kesho yake akarejea na chumvi, sabuni, mafuta ya taa na khanga. Masika yalipogeuza udongo kuwa tope la kushika madigadi, safari hiyo ilikuwa jihadi. Ndipo akaibuka fundi baiskeli chini ya mwembe, mwenye karai la maji la kutafutia pancha, msasa, gundi na viraka, naye akawa mtu wa lazima kijijini.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilikuja Phoenix za Kichina, na Swala zilizotoka katika kiwanda chetu wenyewe cha NABICO, Dar es Salaam. Kisha, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ikaishiwa fedha za kigeni, tairi likaadimika, na watu wakashona matairi yaliyochanika ili wasikae kitako. Hata mradi wa maji wa HTM (Handeni Trunk Main) ulipoleta maji ya mto Pangani Handeni katika miaka ya 1970, wengi waliendelea kuyafuata mbali, madumu yakining'inia pande zote mbili za keria.

Sasa barabara ya Korogwe hadi Handeni ni ya lami, na bodaboda imetwaa kazi nyingi za baiskeli. Katika barabara kuu ya Segera, Korogwe na Mombo huonekana wasafiri wa masafa marefu kwa baiskeli, wenye mabegi pande zote, na mijini wamezuka wapenzi wa mchezo wa baiskeli, kama wa msafara wa Twende Butiama wanaomkumbuka Mwalimu Nyerere kwa kupiga pedeli kutoka Dar es Salaam hadi kwao. Dunia humsifu Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyeivuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini na kurudi kati ya 1931 na 1936, akitumia baiskeli katika sehemu kubwa ya safari hiyo, na sifa hiyo ni stahiki yake. Lakini mzee wa Sindeni, huko Handeni, aliyekwenda sokoni na gunia nyuma yake, miaka nenda miaka rudi, pasina mtu wa kumpiga picha, hakupungukiwa na uhodari.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka ya barabara watenge kando ya lami nafasi ya mwendesha baiskeli, ambaye mabasi na malori humsukumia majanini; na walimu wa Korogwe na Handeni wawatume wanafunzi kwa wazee, wakaandike habari hizi wakati wenyewe wangali hai.