Usiku wa Ibilisi: Detroit ilivyopambana na wachomaji nyumba

DETROIT, Marekani

KWA zaidi ya miaka 30, mamlaka za jiji la Detroit, jimbo la Michigan, zilizisubiri siku tatu za mwisho wa Oktoba kwa hofu. Kiini cha hofu hiyo kilikuwa usiku wa Oktoba 30, maarufu kwa jina la Usiku wa Ibilisi, ambao majengo yalichomwa moto kwa makusudi katika kila pembe ya jiji.

Awali usiku huo, unaotangulia sikukuu ya Halloween, ulikuwa wa mizaha ya vijana: kugonga milango na kukimbia, au kupaka sabuni madirisha ya jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mizaha iligeuka moto. Mwaka 1984 pekee, matukio zaidi ya 800 yalihesabiwa katika siku hizo tatu.

Vya kuchoma havikukosekana. Jiji lililokuwa na wakazi wapatao milioni 1.85 mwaka 1950, viwanda vya magari vilipokuwa vikistawi, lilibakiwa na milioni 1.2 mwaka 1980. Waliohama waliacha nyuma maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za mbao. Wala wachomaji hawakuwa vijana watundu peke yao. Walikuwamo wamiliki waliotaka fidia ya bima, na majirani waliochoshwa na nyumba zilizogeuzwa vijiwe vya dawa za kulevya. Wote hao walipata kisingizio kimoja, kwani moto wowote wa siku hizo uliweza kubebeshwa vijana.

Meya Coleman Young, aliyeongoza tangu 1974 hadi Januari 1994, alitumia mkono wa dola. Watoto na vijana walipigwa marufuku kutembea nje kuanzia jioni, na uuzaji wa petroli katika madumu ulizuiwa. Matukio yalipungua, lakini mwaka 1994, wa kwanza kwa mrithi wake, Dennis Archer, yalipanda tena na kuvuka 300.

Mwaka uliofuata Archer aliwageukia wananchi na kuanzisha Usiku wa Malaika. Makumi ya maelfu ya wakazi walijitolea. Baadhi ya miaka walikadiriwa kufikia 50,000. Walizunguka mitaani kwa magari yao wenyewe, yakiwa na taa za kumulika, huku wengine wakikabidhiwa kuangalia nyumba tupu iliyo jirani nao. Hawakutakiwa kumkamata mtu wala kuzima moto. Kazi yao ilikuwa kuona, kuonekana na kutoa taarifa, na hilo lilitosha kuushusha moto wa siku hizo hadi kukaribia kiwango cha siku za kawaida.

Tatizo ni kwamba siku za kawaida zenyewe zilikuwa mbaya. Mwaka 2012, jiji likiwa limeishiwa fedha, Kamishna wa Zimamoto, Donald Austin, alipendekeza jengo tupu lililokwisha kushika moto kwa kiasi kikubwa liachwe liteketee, mradi halihatarishi majirani, ili kuokoa maisha ya askari wake. Hoja hiyo ni nzito, ingawa asiye na makazi anayelala ndani ya gofu haonekani kutoka barabarani. Julai 2013 Detroit iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika.

Tangu hapo nguvu kubwa ilielekezwa kwenye magofu yenyewe. Mwaka 2014 kikosi kazi maalumu kilibaini majengo chakavu takriban 40,000. Fedha za Serikali Kuu ziligharimia ubomoaji wa maelfu, na Novemba 2020 wapiga kura waliridhia jiji likope dola milioni 250 kuendeleza kazi hiyo pamoja na kukarabati nyumba zinazofaa.

Doria za Usiku wa Malaika zilisitishwa mwaka 2018, na jiji likahamishia juhudi zake kwenye sherehe za watoto mitaani. Kuhusu viwanja vilivyobaki wazi, mamlaka ya ardhi ya jiji ilianza mwaka 2014 kuwauzia majirani wanaopakana navyo, kwa dola 100 kila kimoja.